Makaburi 8 Yaliyoahidiwa, Mawili Tuliyoyafikia: Tathmini ya Ziara ya Makaburi ya Wanasiasa Nairobi

Jumamosi moja ya mwezi uliopita nililipa shilingi 3,500 ili nitembezwe kwenye makaburi ya wanasiasa yaliyomo katika Kaunti ya Nairobi. Waandalizi ni kampuni ndogo ya utalii ambayo sitaitaja jina, kwa kuwa malalamiko yangu nimekwisha kuwafikishia wenyewe. Kipeperushi chao kiliahidi makaburi 8 ya viongozi kwa siku moja, usafiri, maji ya kunywa na mwongozaji mzoefu. Majina yaliyoorodheshwa yalikuwa ya Jomo Kenyatta, Tom Mboya, Pio Gama Pinto, Joseph Murumbi, Wangari Maathai, Kenneth Matiba, Ken Okoth na Charles Njonjo. Anayefuatilia historia ya siasa za Kenya ataona mara moja kwamba orodha hiyo ina walakini. Mimi niliuona, nikalipa hata hivyo, maana nilitamani kujua wangejinasuaje.

Gari lilifika kwa wakati, jambo ambalo ni haki kulisema kwanza. Tulikuwa abiria tisa, akiwemo mwalimu mstaafu wa historia ambaye sote tuliishia kumwita Mwalimu, na ambaye kufikia saa sita mchana alikuwa ndiye mwongozaji wetu wa kweli. Mwongozaji mwenyewe alikuwa kijana mchangamfu, mwenye sauti nzuri na karatasi nne zilizochapwa, ambazo alizisoma neno kwa neno.

Kituo cha kwanza kilikuwa Bunge. Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978 na kuzikwa tarehe 31 mwezi huohuo katika viwanja vya Bunge, ambako kaburi lake hulindwa na wanajeshi na halifunguliwi kwa mtu yeyote anayepita njia. Kipeperushi hakikusema hivyo. Tulisimama kando ya barabara, tukachungulia kupitia kwenye uzio kwa muda wa dakika saba hivi, kijana akatusihi tusitoe simu zetu kupiga picha, kisha tukarudi garini. Sina kinyongo na utaratibu wa ulinzi, kwani kaburi la rais wa kwanza si uwanja wa maonyesho. Ninachokidai ni neno moja tu kwenye kipeperushi, kwamba kaburi hili hutazamwa kwa mbali. Mteja mmoja alikuwa amempandisha mama yake mzee basi la usiku kutoka Kisumu kwa ajili ya kituo hicho, na mama yule hakusema lolote, alitikisa kichwa tu na kuufunga vizuri mtandio wake.

Kituo cha pili ndicho kilichoharibu asubuhi. Tulishushwa kwenye Barabara ya Moi, mbele ya sanamu ya Tom Mboya iliyozinduliwa mwaka 2011, na kijana akasoma kwamba hapo ndipo alipolazwa shujaa huyo. Mwalimu alimsubiri amalize aya nzima, kisha akamwambia kwa upole, "Mwanangu, hapa karibu ndipo alipopigwa risasi. Kulala, amelala Rusinga." Kijana akatazama karatasi zake, akageuza ya pili, akarudi kwenye ya kwanza. Ni kweli kwamba Mboya aliuawa tarehe 5 Julai 1969 alipokuwa akitoka kwenye duka la dawa katika barabara hiyo, ambayo wakati huo iliitwa Government Road, na sanamu iko hatua chache kutoka hapo. Lakini kaburi lake liko katika Kisiwa cha Rusinga, Kaunti ya Homa Bay, chini ya jengo lililopewa umbo la risasi, na safari ya kwenda huko haiwezi kuingizwa kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana.

Kosa hili si dogo, na sababu yake inafaa ielezwe, kwa sababu ndiyo inayoifanya ziara nzima ya aina hii iwe ngumu kuandaa. Wanasiasa wa Kenya hufanya kazi Nairobi, huugua Nairobi, wengi hufia Nairobi, lakini hawazikwi Nairobi. Mboya alikuwa mbunge wa jiji hili na bado alirudishwa kisiwani. Raila Odinga aliiwakilisha Lang'ata bungeni kwa miaka 20, na alipofariki Oktoba 2025 alizikwa Kang'o ka Jaramogi huko Bondo, karibu na baba yake. Marais waliomfuata Kenyatta pia: Moi yuko Kabarak, Kibaki yuko Othaya. Kesi ya mwanasheria S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 na kukaa katika chumba cha maiti hadi Mei 1987 huku mjane wake, Wambui Otieno, na ukoo wa Umira Kager wakivutana mahakamani kuhusu mahali pa kumzika, ilimalizika kwa mwili kupelekwa Nyalgunga, Siaya, ilhali mjane alitaka uzikwe katika shamba lao la Upper Matasia. Tangu hapo, hata wasiojua jina la jaji yeyote wanajua kwamba nyumba ya jijini ni nyumba na kijijini ndiko nyumbani.

Kwa hiyo mwanasiasa aliyebaki katika makaburi ya Nairobi amebaki kwa sababu maalumu: dini yake, wosia wake, asili yake, au urafiki wake. Mwandalizi anayelielewa hilo ana ziara nzuri sana mkononi, pengine nzuri kuliko ya mahali popote pengine nchini. Asiyelielewa hutafuta majina makubwa na kuyabandika kwenye sanamu.

City Park ndiyo iliyookoa siku, na kama ningelipishwa kwa ajili yake peke yake nisingelalamika. Bustani hii iko kando ya Barabara ya Limuru, mkabala na Hospitali ya Aga Khan, na ni kipande cha msitu wa asili kilichonusurika ndani ya jiji, chenye kima wanaojua kufungua mkoba kuliko mwenye mkoba. Ndani yake kuna makaburi ya zamani, na humo ndimo alimozikwa Pio Gama Pinto.

Kijana alikuwa na nusu ukurasa kuhusu Pinto. Mwalimu alikuwa na saa nzima, tukamwomba aendelee. Pinto alizaliwa Nairobi mwaka 1927 katika familia yenye asili ya Goa, akasomea India, akarudi na kuwa mwandishi wa habari na mpigania uhuru. Wakoloni walimweka kizuizini tangu mwaka 1954, miaka kadhaa akiwa Takwa katika Kisiwa cha Manda, kisha Kabarnet. Baada ya uhuru aliingia Bungeni mwaka 1964 kama mbunge maalumu, akawa mmoja wa watu wa karibu wa Jaramogi Oginga Odinga, Makamu wa kwanza wa Rais na baba yake Raila, katika mrengo uliotaka ardhi igawiwe wasio nayo. Tarehe 24 Februari 1965 alipigwa risasi ndani ya gari lake, nje ya nyumba yake Westlands, mtoto wake mdogo akiwa kiti cha nyuma. Alikuwa na umri wa miaka 37. Kisilu Mutua alihukumiwa kwa mauaji hayo, akakaa gerezani hadi mwaka 2001, na muda wote huo akisisitiza kwamba hakuua. Nani aliyetuma risasi ile ni swali ambalo Mwalimu hakulijibu, ingawa mama wa Kisumu alimuuliza mara mbili.

Nilisimama kando ya kaburi hilo nikifikiria jambo moja dogo. Pinto hakuwa na kijiji cha kurudishwa. Hakukuwa na ukoo wa kumdai, wala mlima au ziwa ambalo wazee wangesema kitovu chake kimezikwa huko. Alizaliwa katika jiji hili, akauawa katika jiji hili, likampokea kama mtu wake. Kwa maana hiyo yeye ni Mnairobi kuliko wengi walioomba kura za Wanairobi.

Si mbali na hapo ndipo alipo Joseph Murumbi, na sababu ya kuwa hapo ndiyo hadithi bora zaidi ya siku nzima, ambayo karatasi za kijana hazikuwa nayo kabisa. Murumbi alizaliwa mwaka 1911, baba yake akiwa Mgoa na mama yake Mmaasai. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, kisha mwaka 1966, baada ya Odinga kujiuzulu, akateuliwa kuwa Makamu wa pili wa Rais. Hakumaliza hata mwaka mmoja kabla ya kuondoka serikalini, na watu wengi wamekuwa wakiihusisha hatua hiyo na kuuawa kwa Pinto, aliyekuwa rafiki yake. Alipofariki Juni 1990 alizikwa City Park, karibu na rafiki huyo, kama alivyotaka. Kwa upande wa mama angeweza kuzikwa Umaasaini, na cheo chake kingempa mazishi popote alipopenda. Alichagua kulala karibu na rafiki aliyepigwa risasi miaka 25 kabla yake.

Mkewe Sheila amezikwa kando yake, na mahali hapo pamegeuzwa kuwa bustani ya kumbukumbu yenye sanamu kubwa za wachongaji wa Afrika Mashariki. Sanamu zinamfaa, kwani Murumbi aliyeacha siasa alikuwa mkusanyaji wa sanaa na vitabu asiye na mfano katika kizazi chake. Vitabu zaidi ya 8,000 vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900 alivyovikusanya vimehifadhiwa katika Jumba la Nyaraka za Kitaifa, na kazi nyingine za sanaa ziko Nairobi Gallery. Ukipenda kumjua, huko ndiko kwa kuanzia, kisha uje kaburini. Tulipokuwa hapo, kima mmoja alipanda juu ya sanamu, akakaa akimenya ndizi aliyomnyang'anya abiria mwenzetu, akalidondosha ganda chini taratibu. Mama wa Kisumu akaliokota, akalitia kwenye mfuko wake, akasema hapo si mahali pa kutupa maganda. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akitabasamu siku hiyo.

Tulipewa dakika 40 City Park. Zilihitajika saa mbili. Tulipoomba tuongezewe muda, dereva alionyesha saa yake na kusema Kariokor inatungoja, jambo ambalo si kweli, kwa sababu Kariokor haikuwa na kaburi lolote la kutungoja.

Hapa ndipo walakini mkubwa wa orodha ulipo. Maathai, Okoth, Njonjo na Matiba hawakuzikwa. Miili yao ilichomwa, watatu wa kwanza katika tanuri la Kariokor na Matiba katika lile la Lang'ata. Kuita mahali pa kuchomea maiti kaburi ni sawa na kuita kituo cha matatu nyumbani. Mtu amepita hapo, hakukaa. Ningekuwa mwandalizi ningeifanya sehemu hii iwe mada yake yenyewe, kwa sababu ina utajiri wa pekee: katika nchi ambayo mazishi ya mwanasiasa ni mkutano wa hadhara wenye mahema, vipaza sauti na ratiba ya wasemaji isiyoisha, hawa wanne walichagua njia ambayo haiachi jukwaa.

Wangari Maathai, mbunge wa zamani wa Tetu na mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004, alifariki Septemba 2011 na kuacha agizo kwamba asizikwe katika jeneza la mbao, ili mti usikatwe kwa ajili yake. Jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugumaji, na mabaki yake yakawekwa katika taasisi yenye jina lake, katika kampasi ya Upper Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Yaani mahali pa kumzuru ni Kabete, si Kariokor, na gari letu halikwenda Kabete. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alichomwa mapema asubuhi Agosti 2019, huku jamaa waliotarajia mazishi ya kijijini wakibaki na maswali. Charles Njonjo, Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa Kenya huru, alifariki tarehe 2 Januari 2022 akiwa na miaka 101, na mwili wake ukachomwa siku hiyohiyo, kabla Wakenya wengi hawajamaliza kusambaziana habari za kifo chake. Nilipolieleza hilo ndani ya gari, abiria mmoja alisema kwamba huyo alikuwa mtu wa kutunza saa mpaka mwisho, na sote tulicheka, kijana akiwemo.

Kariokor yenyewe tuliitazama kwa nje tena, kwa sababu kulikuwa na familia iliyofika na msiba wake, na ninampongeza kijana kwa kutosita kumwambia dereva asisimame. Hilo halikuwa kwenye karatasi zake, lilitoka moyoni.

Lang'ata tulifika saa tisa alasiri, wote tumechoka. Haya ndiyo makaburi makubwa ya umma ya jiji, yaliyotangazwa kuwa yamejaa miaka mingi iliyopita na ambayo bado yanapokea wafu kila siku. Mwongozaji alituonyesha upande wa tanuri na kutaja jina la Kenneth Matiba, aliyetoka kizuizini mwanzoni mwa miaka ya 1990 akiwa ameathiriwa na kiharusi, akawa wa pili nyuma ya Moi katika uchaguzi wa urais wa mwaka 1992, na kufariki Aprili 2018. Baada ya hapo tukaambiwa ziara imekwisha.

Haikupaswa kwisha hapo. Kuna makaburi ya Waislamu Lang'ata, na humo alizikwa Mohamed Yusuf Haji, seneta wa Garissa na waziri wa zamani wa Ulinzi, aliyefariki Nairobi tarehe 15 Februari 2021. Garissa iko zaidi ya kilomita 350 kutoka hapo, na seneta mwingine angesafirishwa kwa msafara wa magari wa siku mbili. Yeye aliswaliwa na kuzikwa siku ileile, kama dini yake inavyoelekeza, katika ardhi ya jiji alilofia. Ni mfano ulio wazi kuliko wote wa sababu zinazomfanya kiongozi abaki Nairobi, na haumo kwenye kipeperushi. Sisemi kundi la watu tisa wenye kofia za jua lingeingia tu bila ruhusa. Ingehitajika adabu, mavazi ya heshima na mwenyeji wa kutuongoza. Lakini angalau angetajwa.

Vilevile hakuna aliyetaja sakata ya ardhi ya makaburi, ambayo kwangu mimi ni sehemu ya mada hii kabisa. Lang'ata ilipozidiwa, baraza la jiji la wakati huo lilinunua ekari 120 huko Mavoko kwa shilingi milioni 283, bei iliyopita kwa mbali thamani halisi ya shamba lile, na udongo wake ukaonekana haufai kuchimbwa makaburi. Kesi ikafika mahakamani na maafisa wakahukumiwa. Hivyo yapo makaburi ya Nairobi ambayo hayajazika maiti yoyote, ila yamezika kazi za watu kadhaa.

Sasa nikihesabu kwa unyoofu, kati ya makaburi 8 niliyolipia, nilisimama kando ya mawili, la Pinto na la Murumbi, nikaliona moja kupitia kwenye uzio. Manne hayako huko tulikopelekwa, na moja liko kisiwani Rusinga. Gari lilikuwa safi, maji yalikuwa baridi, dereva aliendesha kwa uangalifu ingawa alitupeleka mbio. Kijana ana kipaji cha kuzungumza na watu, na akipewa wiki mbili za kusoma badala ya karatasi nne anaweza kuwa mwongozaji mzuri sana; wakati wa kurudi nilimwona amekaa karibu na Mwalimu akiandika kwenye mgongo wa kipeperushi.

Kwa msomaji anayetaka kwenda bila kupitia kwa waandalizi, ushauri wangu ni kupanda matatu za Ruaka zinazopita Barabara ya Limuru, kushuka Aga Khan asubuhi mapema, na kutoingia City Park na ndizi mkononi. Anza kwa Pinto, kisha umalizie kwa Murumbi, maana ndivyo walivyofuatana. Ukibaki na nguvu, panda gari la kwenda katikati ya jiji uione mikusanyo ya Murumbi katika Jumba la Nyaraka, na ukitoka nje utaikuta sanamu ya Mboya hapo jirani.

Niliwaandikia waandalizi kuhusu haya yote, wakanijibu kwa heshima siku ya tatu na kunirudishia shilingi 1,000. Ratiba yao mpya imetoka wiki hii. Jina la Mboya limeondolewa, City Park imepewa saa moja na nusu, na ahadi iliyoandikwa kwa herufi kubwa juu kabisa bado ni ya makaburi 8.